Mwamvita wa Jibondo katika Nyumba ya Bi Edithi

Mwamvita binti Matano alizaliwa Jibondo, kisiwa cha mawe kisicho na mito wala visima vya kutegemewa, ambako watu wanajua zaidi kuunda mashua kuliko kulima, na maji ya kunywa huletwa kwa chombo kutoka ng'ambo. Baba yake alikuwa fundi wa mashua. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa na sifa moja iliyojulikana kisiwa kizima: angeweza kumwogesha mtoto kwa kata moja ya maji na mtoto akatoka anang'aa. Wanawake wengine walikuja kutazama anavyofanya, wakarudi makwao wakashindwa.

Mwamvita aliolewa Chole na mtu aliyeitwa Hemedi, akaachwa, bila ugomvi wa kusimuliwa. Alirudi kwao na mtoto wa kike mchanga, Siwema. Nyumba ya pili kutoka ya baba yake alikaa dada yake mkubwa, Mwanaharusi, na mumewe Shaabani. Mwanaharusi hakujaliwa mtoto. Alikuwa amekunywa dawa za kila mganga aliyetajwa kutoka Kirongwe mpaka Rufiji, akavaa hirizi, akaweka nadhiri, na mwishowe akanyamaza. Siwema alipoanza kutambaa, alitambaa kuelekea kwa mama yake mkubwa, kwa kuwa huko ndiko kulikuwa na mtu asiyechoka kumbeba.

Wakati huo kisiwani Mafia palikuwa na Mwingereza mmoja aliyesimamia shamba la minazi. Watu walimwita Bwana Kolini. Mkewe alikuwa akitafuta yaya wa kumlea binti yao, Jeni, na Mwamvita akaipata kazi hiyo. Alikaa kwenye nyumba yao yenye veranda ya waya wa mbu, akirudi Jibondo kila alipopewa ruhusa. Jeni alijifunza kusema kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza, na neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki".

Uhuru ukaingia. Watu walicheza ngoma, bendera mpya ikapandishwa, na miezi michache baadaye Bwana Kolini akaambiwa na wenye shamba kwamba kazi yake itachukuliwa na mtu mwingine. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Alimfuata Mwamvita jikoni akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika:

"Mwamvita, sisi kwenda nyumbani. Mimi peke yangu hapana weza watoto wawili. Wewe kuja? Miaka miwili tu."

Mwamvita alisema atafikiri. Alikwenda Jibondo, akamkuta Mwanaharusi amekaa uani anasuka ukili.

"Dada, wamesema miaka miwili."

"Nimesikia. Habari kama hizo haziji kwa mguu, zinaruka."

"Na Siwema je?"

Mwanaharusi hakuinua macho. "Siwema analala kwangu siku nyingi kuliko anazolala kwako. Unaniuliza nini?"

Bimkubwa ndiye aliyepinga. Aliuliza nani katika ukoo wao amekwenda Ulaya akarudi, nani atamzika mwanawe akifa huko, na kama watu wa huko wanajua hata kuchinja. Mwamvita alijibu kila swali isipokuwa lile ambalo mama yake hakuliuliza, yaani kwa nini alitaka kwenda. Ukweli ni kwamba alitaka kuona. Alikuwa kijana bado, ameolewa na kuachwa, na hakuna aliyetarajia tena jambo lolote jipya kutoka kwake. Hilo lilimchosha kuliko kazi.

Basi akaenda. Siwema alikuwa na umri wa miaka minne.

*

Nyumba waliyofikia ilikuwa ya mama yake Bwana Kolini, katika mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, imebanwa na nyumba nyingine kushoto na kulia, kama kitabu kilichotiwa katikati ya vitabu. Kila chumba kilikuwa na kazi yake na haikuruhusiwa kuchanganya: chumba cha kulia hakilaliwi, na chumba cha mbele, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, hakikaliwi na mtu ila siku ya wageni, na wageni hawakuja.

Mwenye nyumba aliitwa Edithi. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye mdomo uliofungwa sawasawa. Siku ya kwanza aliitazama miguu ya Mwamvita ndani ya ndara, akapanda ngazi, akashuka na jozi ya soksi za sufu. Hakumpa mkononi. Alizitupa kitini na kusema neno.

"Anasema nini?" Mwamvita aliuliza.

Mke wa Kolini aliona haya. "Anasema, usimfie hapa."

Mwamvita alizivaa. Zilikuwa soksi nzuri.

Alijifunza nyumba ile kama mtu anavyojifunza sala, kwa kurudia. Asubuhi kabla ya yote alizoa jivu la makaa ya mawe katika meko ya sebuleni na kuwasha moto mpya kwa gazeti na vijiti. Kisha alifungua mlango wa mbele, akachukua chupa za maziwa zilizoachwa nje na mtu ambaye hakupata kumwona. Ndege walikuwa wamekwisha kutoboa vifuniko na kunywa malai ya juu. Baada ya hapo aliosha kizingiti. Hili hakulielewa kwa muda mrefu. Kizingiti cha nyumba ile kilikuwa jiwe moja tu, hakuna aliyekaa juu yake kusuka wala kuzungumza, lakini kila asubuhi kilisuguliwa kwa brashi na kupakwa chokaa kwenye ukingo, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamepiga magoti milangoni mwao kwa wakati mmoja wakifanya vilevile, bila kusalimiana.

Jumatatu ilikuwa ya kufua. Jumanne ya pasi. Jumamosi ya kuoga, na hapo Mwamvita alidhani amesikia vibaya. Alipohakikisha kwamba watu wa nyumba wanaoga mara moja kwa juma, tena mmoja baada ya mwingine katika bafu moja la maji yaleyale yaliyoongezwa moto, alijitafutia ndoo. Yeye aliendelea kuoga kila siku kwa ndoo na kopo katika chumba cha kufulia, akitetemeka. Bi Edithi alilalamika kwamba msichana huyu atamaliza sabuni.

Chakula hakikumsumbua sana kama alivyotishwa. Nyama hakula, kwa kuwa hakumjua mchinjaji. Alijitafutia kikaango chake mwenyewe, akakitundika mbali na kile cha nyama ya nguruwe, na siku Bi Edithi alipokitumia kwa kusahau, Mwamvita alikisugua kwa mchanga wa ufukweni mpaka kikabadilika rangi. Hakikuguswa tena. Samaki walikuwa wengi. Asubuhi moja alitiliwa sahani ya samaki aliyepasuliwa na kukaushwa kwa moshi, akamnusa, na kwa mara ya kwanza tangu ameshuka melini akala akamaliza.

Bwana Kolini alimfunulia ramani ili ajue kibla kiko wapi. Jibondo alikuwa ameswali maisha yake yote akielekea kaskazini. Huku ilimpasa aelekee kusini na mashariki, na alipotazama kidole cha Bwana kilivyopita juu ya karatasi aliona kwamba, kikikata kusini moja kwa moja baada ya Makka, kitafika karibu na kwao.

Jambo alilolipenda tangu siku ya kwanza lilikuwa bomba. Aligeuza chuma, maji yakaja. Lakini hakuweza kuyaacha yatiririke. Alikinga kila tone. Maji ya kuoshea mboga aliyaweka kwenye beseni, akayaoshea vyombo vya kwanza, kisha akayasugulia kizingiti. Bi Edithi alimwona, akadhani ni uchafu, baadaye akaelewa, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa akitunza kila kipande cha uzi katika kopo, akikunja karatasi za mkate na kuzitumia tena, na kuyeyusha vishina vya mishumaa. Katika nyumba ile walikaa wachoyo wawili, mmoja wa maji na mwingine wa kila kitu kingine, na wakaanza kuheshimiana kwa mbali.

*

Baridi ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa baridi ambayo hata wenyeji waliisema. Theluji ilianguka kwenye sikukuu yao ya Krismasi na haikuondoka. Mabomba yakaganda chini ya ardhi. Asubuhi moja Mwamvita aligeuza chuma, hakuna kitu. Halmashauri ya mji ikaleta gari la maji mwisho wa mtaa, na watu wakaenda na ndoo na birika na hata vyungu vya maua.

Mwamvita alikunja taulo akafanya ngata, akaweka ndoo kichwani, akarudi polepole juu ya barafu kwa viatu vya raba vya Bwana Kolini. Mapazia ya mtaa mzima yalisogea. Watoto walimfuata. Hakumwaga, si kwa ufundi wa ajabu, ila kwa kuwa hakuna mwanamke wa Jibondo anayemwaga.

Nyumbani akayagawa maji: haya ya chai, haya ya mtoto, haya ya vyombo. Bi Edithi akaja na brashi yake, akataka ya kizingiti.

"Hapana," Mwamvita alisema. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua. "Haya ni ya kunywa."

"Jiwe lina siku tatu halijaoshwa."

"Jiwe halina kiu."

Bi Edithi alishika brashi muda, akairudisha chini ya sinki. Kizingiti kilikaa bila kuoshwa majuma mengi. Alikifagia tu, akitazama huku na huku kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

Ramadhani iliingia katikati ya baridi hiyo. Mwamvita aliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsimulia: huko siku ya baridi ni fupi mno, jua linatoka limechelewa na saa kumi na nusu limekwisha kuzama. Alifunga, na kabla njaa haijamkumbuka, wakati wa kufuturu ukafika. Alijiona kama anamdanganya Mungu. Bi Edithi alikuwa na desturi ya kunywa chai saa kumi kamili, hata nyumba iwake moto. Siku ya kwanza ya Ramadhani alikunywa peke yake. Siku ya pili aliuliza huyu msichana anangoja nini. Akaelezwa. Siku ya tatu alikaa kitini, mikono mapajani, birika ikiwa tayari, akitazama dirishani mpaka giza lilipoingia, ndipo akasema, "Haya, mimina." Alifanya hivyo mwezi mzima. Jua lilivyozidi kuchelewa kuzama, alizidi kununa, lakini hakunywa.

Jeni akaanza shule. Alikwenda na Kiswahili chake, akakisema darasani, akachekwa. Siku moja Mwamvita alimfunga viatu akamwambia, kama kawaida yao, "Lete mguu, bibi harusi." Mtoto alimjibu kwa Kiingereza, akatazama mlangoni kama yupo mtu anayesikia. Baada ya siku hiyo Mwamvita alimsemesha kwa Kiswahili mara kadhaa, kisha akaacha. Usiseme alilia. Alimaliza kufunga kiatu cha pili. Lakini alianza kuhesabu umri wa Siwema kila alipomvisha Jeni nguo, akipima kwa macho: mkono wake utakuwa umefika hapa, goti lake litakuwa hapa.

Miaka miwili ilipokaribia kwisha, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Bwana Kolini alipata kazi Kanada, na Bi Edithi aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga.

"Hatuwezi kumchukua, na hatuwezi kumwacha peke yake," mke wa Kolini alisema, na safari hii alikuwa akilia. "Mwaka mmoja tu, Mwamvita. Mpaka atembee."

Mwamvita alikubali. Baadaye, alipoulizwa na watu wa kwao kwa nini, alitoa sababu tofauti kila mara, na huenda zote zilikuwa kweli. Familia ikaondoka na masanduku yake. Jeni alimbusu shavuni kama watu wa huko, akasema kwaheri, na gari likakata kona.

*

Wakabaki wanawake wawili. Asubuhi Mwamvita alimwinua mama mtu mzima, akamkanda mguu kwa mafuta ya karafuu aliyoyapata kwa muuza dawa, akamvisha, akamshusha ngazi moja moja. Walikula mayai. Walisikiliza redio. Mchana Bi Edithi alisoma gazeti kwa sauti, na kwa kuwa hakupenda kukatizwa kwa maswali, alimfundisha Mwamvita kusoma ili anyamaze. Jioni palikuwa na mfuko wa mpira wa maji ya moto wa kutia kitandani, mmoja wa Bi Edithi, na baada ya baridi ya pili, mmoja wa Mwamvita.

Hawakuwa marafiki, ikiwa urafiki ni kuambizana mambo. Bi Edithi hakuuliza kamwe kama Mwamvita ana mtoto. Mwamvita naye hakuuliza kwa nini picha ya mwanamume aliyevaa sare, aliyefanana na Bwana Kolini lakini si yeye, iligeuzwa uso ukutani kila mwezi wa Mei kisha ikageuzwa tena. Walijuana kwa hatua za miguu na kwa namna ya kukohoa.

Siku moja ya kiangazi, baada ya kufua, ilikuja barua kutoka kwa Shaabani, mume wa Mwanaharusi. Ilianza kwa salamu ndefu kama ilivyo adabu, kisha ikasema kwamba Bimkubwa amefariki, amezikwa, hitima imesomwa, na kila kitu kimefanywa kama inavyotakiwa. Mwamvita aliisoma amesimama kando ya meza ya jikoni. Aliisoma tena. Kisha akaenda kuanika shuka, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kukamuliwa.

Aliporudi Bi Edithi alikuwa mlangoni na mkongojo wake.

"Nani?"

"Mama."

Bi Edithi hakumshika mkono, hakusema pole kwa maana kwao pole haina neno. Aligeuka, akaingia katika chumba cha mbele, kile kisichokaliwa, na Mwamvita akasikia pete za mapazia zikiteleza. Kisha akapanda ngazi peke yake, jambo ambalo daktari alimkataza, akafunga mapazia ya vyumba vya juu. Nyumba ikawa na giza mchana kweupe. Katika mji ule hiyo ndiyo alama ya msiba.

Haukupita muda jirani akabisha, uso umempauka. Alitazama juu ya bega la Bi Edithi akitafuta maiti.

"Nani amefariki, jamani? Kolini? Mtoto?"

"Mama," alisema Bi Edithi. "Mama yake." Akamwonyesha Mwamvita kwa kidevu.

Jirani alisimama, hajui afanye nini na msiba wa mtu wa mbali hivyo. Mwishowe alikwenda kwake akarudi na keki. Akaja mwingine na supu, akaeleza kwamba haina nyama. Chumba cha mbele kikafunguliwa, wakakaa humo, wanawake wanne wa mtaa na Mwamvita katikati na kanga yake kichwani, wakanywa chai katika vikombe vya wageni, na hakuna aliyesema kitu cha maana. Mapazia hayakufunguliwa mpaka siku ambayo, kwa hesabu ya Bi Edithi, mazishi yangekwisha.

Siku hiyo Mwamvita alisema, "Nataka kwenda kwetu."

"Ndiyo," Bi Edithi alijibu. "Ulipaswa kwenda zamani." Akaendelea kukata mkate.

Ilichukua miezi kupata nafasi ya meli na kumwandikia Kolini. Jibu la Kolini lilikuwa kwamba mama yake apelekwe katika nyumba ya wazee, ndani ya mji huohuo, nyumba safi yenye bustani. Mwamvita alikuwa amesikia habari za nyumba hizo, na hapo mwanzo angekuwa na mengi ya kusema kuhusu watu wanaopeleka wazazi wao kukaa na wageni. Sasa hakusema. Yeye mwenyewe mama yake alikuwa amezikwa bila ya yeye kuwapo.

Alimfungia Bi Edithi nguo zake. Alimpeleka kwa teksi mpaka huko, akamweka kitini karibu na dirisha, akawaeleza wauguzi kwamba mguu unakandwa asubuhi na si jioni. Hawakuandika popote.

"Umezima moto nyumbani?" Bi Edithi aliuliza.

"Nimezima."

"Umefunga maji?"

"Nimefunga."

"Basi nenda."

*

Alifika Jibondo mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na sita, katika mashua iliyoleta mapipa ya maji. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto walikimbilia pwani, na miongoni mwao alikuwamo msichana mrefu mwenye magoti yenye vumbi, ambaye Mwamvita alimtambua kwa paji la uso la Hemedi. Mtu alimsukuma mbele.

"Shikamoo," alisema Siwema.

"Marahaba, mwanangu."

Msichana alimtazama kwa adabu, kisha akamkimbilia Mwanaharusi, akamvuta kanga. "Mama, mgeni atakula kwetu?"

Kila mtu alisikia. Mwanaharusi aliinama kama aliyeangusha kitu.

Kesho yake, wakati wa kupura choroko, Mwanaharusi alisema bila kuulizwa. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. "Nilimwambia. Kila siku nilimwambia, mama yako yuko Ulaya. Mtoto anaitikia, halafu anakuja kulala kwangu. Sasa ukimtaka, mchukue. Ni wako. Sitakwenda kwa kadhi."

Mwamvita aliendelea kupura. Alikuwa ameyafikiria maneno haya njia nzima ya meli, na alikuwa na majibu yake tayari, ya upole na ya ukali. Aliona dada yake anapura maganda yaliyokwisha kuwa matupu.

"Nitajenga hapa nyuma," alisema. "Baba ana kiwanja. Mlango wangu utatazama uani kwako."

"Na mtoto?"

"Mtoto atapita."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siwema alipita. Mwanzoni alipita kwa sababu kwa Mwamvita kulikuwa na chai alasiri, wakati ambao hakuna nyumba nyingine iliyochemsha chai. Alikaa, akanywa, akasema ahsante, akaondoka. Alimwita "mama" pia, lakini lilikuwa neno la heshima, kama unavyomwita mwanamke yeyote mtu mzima. Mwamvita alilipokea lilivyo.

Watu walimwita Mwamvita Ulaya na walitaka hadithi. Lakini hadithi zake hazikuwa na ladha. Walitaka majumba ya vioo na watu wanaokula dhahabu. Yeye aliwaambia habari za jivu. Azimio la Arusha lilipokuja, na siasa ya Ujamaa ikafika hadi visiwani, katibu wa tawi, kijana aliyeitwa Mfaume, alimwomba asimame katika mkutano aeleze jinsi wanyonyaji wanavyoishi kwa anasa kwa jasho la wanyonge.

Mwamvita alisimama, akajifunika vizuri.

"Wanaoga Jumamosi," alisema.

Watu wakacheka. Mfaume akaomba utulivu. "Endelea, ndugu. Eleza utajiri wao."

"Wana bomba ndani ya nyumba. Hilo ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini bibi niliyekaa naye alikuwa akiosha kizingiti chake mwenyewe kwa magoti. Alikuwa akitunza vipande vya uzi. Mwanawe alikuwa mbali, na mwanawe mwingine nadhani alikufa vitani. Alikuwa akila yai moja."

"Moja?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Moja, kwa kijiko kidogo."

Mkutano ulivurugika kwa kicheko. Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alifunga kwa kusema kwamba ndugu Mwamvita ametueleza kuwa wafanyakazi wa Ulaya nao wananyonywa, na makofi yakapigwa. Baadaye, ilipoanzishwa elimu ya watu wazima, alimfuata mwenyewe akamwomba afundishe wanawake kusoma. Alifundisha miaka kadhaa, chini ya paa la makuti lililojengwa kwa kuunda mashua, kukiwa na harufu ya mbao na ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua. Wengine walijua kuandika majina yao, wengine hawakujua, na hakuna aliyemwona kuwa shujaa.

Siwema aliolewa na Iddi, fundi kijana wa Jibondo hapohapo aliyehamia Chole kwa kazi. Mimba ya kwanza ilipokaribia, alirudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi, na kwao kulikuwa kwa Mwanaharusi. Mwamvita alikuwa amekwisha kujiandaa kwa hilo. Alipeleka kuni na kurudi mlangoni kwake.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mkunga alipoondoka, Mwanaharusi alitoka uani akasimama.

"Mwamvita."

"Naam, dada."

"Mimi mambo haya sikuyapitia. Kumkanda mzazi sijui, nitamuumiza. Njoo wewe."

Mwamvita akaenda. Alichemsha maji, akachovya kitambaa, akamlaza binti yake chali kwenye jamvi na kuanza kumkanda tumbo, polepole, kwa uzito wa mikono yote miwili. Hakuwa ameugusa mwili wa mwanawe tangu ulipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Ulikuwa mwili wa mwanamke, mzito, wenye joto, na kovu pajani ambalo hakujua lilitoka wapi. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka arobaini ikatimia. Maji yaliyohitajika yalikuwa mengi, na Mwanaharusi ndiye aliyekuwa akiyafuata pwani kwenye mashua ya mapipa.

Asubuhi moja Siwema, macho yamefumba, aliuliza, "Na yule bibi wa Ulaya ulikuwa ukimkanda hivi?"

"Mguu tu. Alivunjika."

"Alikuwa akilia?"

"Hapana. Alikuwa akinuna."

Siwema alifumbua macho. "Mimi nililia ulipoondoka?"

Mwamvita alikamua kitambaa. "Hukulia. Ulikuwa unakula muwa. Ulinipungia mkono wenye muwa."

Siwema alicheka, na kwa kuwa tumbo lilimuuma alipocheka, akashika mkono wa mama yake uliokuwa juu ya tumbo ili usibonyeze. Hakuuachia mara moja. Ndani, mtoto alianza kulia, na Mwanaharusi, aliyekuwa akimimina maji uani, akaita akiuliza yupi kati yao ana mikono mikavu ya kumbeba.